Jina Alilopewa Spika

Mimi nina hasira za karibu, nasema mapema ili asije mtu akanishangaa huko mbele. Mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Mdogo wangu hawezi kusema hivyo kwa mdomo, ni kiziwi, lakini jina alilonipa ni ngumi mbili zinazogongana chini ya kidevu, na viziwi wote wanaonijua huniita hivyo.

Kwa viziwi mtu hajitungii jina. Huwezi kuamka asubuhi ukaamua kwamba kuanzia leo utaitwa kwa ishara ya ua au ya simba. Kiziwi ndiye anayekupa, akishakutazama na kukusoma, na ukipewa ni lako. Shangazi yetu amelililia jina miaka nenda rudi na hajalipata. Mdogo wangu akitaka kumtaja humnyooshea kidole tu, kama anayeonyesha kabati.

Huyo mdogo wangu tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Na mtu wa kwanza nje ya familia kupewa jina na Kitinda alikuwa rafiki yangu, mtoto wa jirani, ambaye shule nzima ilimwita Spika. Alikuwa na mdomo, yule. Angesimama mbele ya mkutano wa asubuhi bila kujiandaa, na walimu wangesahau kuangalia saa. Kwetu hakuwa mgeni. Alikula kwetu, alilala kwetu, alichapwa kwetu. Lugha ya alama hakuisoma popote, aliiokota sakafuni pamoja nasi, kwa kugombania midoli na kusengenya watu wazima mbele ya macho yao. Kitinda akampa jina: kidole cha shahada kinazungushwa shavuni, pale kinapotokea kishimo Spika akicheka. Siku aliyopewa alikimbia kwao kumwonyesha mama yake, kisha akarudi mbio kutuonyesha sisi, utadhani hatukuwepo.

Nyumba yetu ina taratibu zake. Baba ni fundi umeme, na kabla hajaanza kazi za kuhama kutoka mradi hadi mradi, alituwekea swichi nje ya mlango. Mgeni hagongi, anabonyeza, na taa ya ndani inawaka na kuzimika hata kama ni mchana, ili Kitinda naye ajue kuna hodi. Spika alikuwa na mbonyezo wake mwenyewe: mfupi, mfupi, mrefu. Taa ikicheza hivyo, Kitinda huacha anachofanya akakimbilia mlango.

Halafu kuna sheria ya Mama. Mama ni fundi cherehani, chumba cha mbele ndicho karakana yake, na sheria aliitoa akiwa na pini mdomoni. "Mkimtafsiria mwenzenu, mtafsirieni yote. Akitukanwa, ajue katukanwa. Msimchujie kama mtoto wa uji."

Iliyomtia Mama uchungu mpaka akaweka sheria ni ishara moja: kiganja kinachosukuma hewa mbele, mara mbili. Maana yake ni baadaye. Watu wamekaa mezani wanacheka mpaka machozi, Kitinda anauliza kuna nini, nao wanamsukumia kiganja: baadaye, tutakwambia baadaye. Muulizeni Kitinda ni lini aliambiwa. Ishara ile ikapigwa marufuku nyumbani kwetu, na Spika alikuwepo ilipopigwa, amekaa juu ya marobota ya vitambaa, anatikisa kichwa kukubali.

Sasa, mwaka ule mimi na Spika tulikuwa kidato cha mwisho, na Kitinda alikuwa anamaliza shule ya msingi yenye darasa la viziwi. Sekondari ya viziwi ilikuwa mbali, tena ya bweni, na ilikuwa imejaa. Njia iliyobaki ilikuwa shule yetu, ambayo haijawahi kuwa na kiziwi hata mmoja. Mkuu wa shule alikuja kwa Mama kupunguziwa gauni, na Mama, huku ameshika kiuno cha Mkuu kwa futi kamba, akamwomba nafasi.

Mkuu ni mwanamke asiyezunguka. Alinitazama mimi. "Wewe unaondoka mwaka huu. Ukishaondoka, nani atakaa naye? Nani atamwambia mwalimu kasema nini?" Akafikiri. "Nipe wanafunzi wanne watano wa vidato vya chini wanaoweza kuongea naye wewe ukiwa haupo. Wanne watano tu. Nitamwandikisha siku hiyohiyo."

Mama alikuwa hajafika hata mwisho wa pindo la gauni lile nami nilikuwa nimeshafika kwa Spika.

"Klabu!" akasema Spika. "Tufungue klabu! Wewe mwalimu, mimi mwenyekiti."

Lazima niseme kuhusu klabu za shule yetu. Klabu ya huduma ya kwanza hufunga bendeji watu wazima wa afya mpaka wanakufa ganzi. Klabu ya mazingira hupanda mti kila mwaka, katika shimo lilelile, kwa sababu wa mwaka uliopita huwa umekufa. Lakini klabu za huduma zina siku yao kuu, wanakuja majaji kutoka nje, kuna kombe, na walimu wengine hulipenda kombe kuliko hiyo huduma yenyewe. Kwa hiyo tulipoomba kufungua Klabu ya Mikono, mwalimu mlezi alitia saini bila kuuliza, akatupa chumba cha maabara kila Alhamisi baada ya masomo.

Jioni ile Spika alikuja kwetu akamwambia Kitinda kwa mikono yake mwenyewe: "Mlango wa shule yetu nitakufungulia mimi." Kitinda alimrukia shingoni. Mama alikata kitambaa cha sare kesho yake, akashona sketi na shati, akavitundika nyuma ya mlango. Kitinda akataka kuvijaribu. Mama akasema vitavaliwa siku ya kuandikishwa, si kabla.

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri kwa jinsi yangu. Niliwafundisha kuuliza: unaitwa nani, unakaa wapi, umeelewa, kwa nini umenuna. Niliwafundisha kutazama uso, maana anayetazama mikono tu ni kama anayesikia konsonanti bila irabu. Wengine walichoka wakaacha, sikujali. Waliobaki walianza kubishana kwa mikono, na mtu akishaanza kubishana katika lugha, ameingia.

Kisha sindano ya cherehani ikampitia Mama kidole, kidole kikavimba mkono mzima ukawa hautazamiki. Sare za wateja zilikuwa zimelundikana. Ikabidi kila nikitoka darasani niende moja kwa moja kukaa kwenye cherehani.

"Nenda, shoga," Spika akaniambia. "Lugha naijua kama wewe. Niachie mimi."

Nikamwachia. Ningemwachia nani mwingine? Kila wiki nilimuuliza wanaendeleaje, naye kila wiki alinijibu, "Wanaendelea mpaka utashangaa." Hapo hakudanganya.

Mara moja alikuja na oda. Alitaka glavu nyeupe, nyingi, kwa ajili ya siku kuu. Nikamuuliza za nini. "Majaji wanakaa nyuma, waone mikono." Mama, na bendeji yake, alizishona zile glavu mwenyewe, akakataa kulipwa. Alisema hawezi kumtoza mtu anayemsomeshea mtoto.

Siku kuu ikafika. Ukumbi ulijaa, wazazi viti vya mbele, wanafunzi wamesimama mpaka madirishani. Mama hakuja kwa sababu ya mkono. Kitinda alivaa gauni lake la bluu, akakaa jukwaani kwenye kiti cha mgeni wa heshima. Mimi niliwekwa chini, mbele yake, nimtafsirie. Wanachama walipopanda nilihesabu kwa macho nikachoka. Walikuwa umati. Moyo ulinijaa. Nikajisemea, Spika, Mungu akuzidishie.

Spika akashika kipaza sauti. "Leo tupo na mdogo wetu asiyesikia, ambaye klabu yetu imempa sauti!"

Nikatafsiri. Kitinda akakunja uso. "Sauti ipi? Mbona sijaiona?"

Nikacheka. Nilidhani bado tunacheka.

Wimbo ukafunguliwa kwenye spika za ukumbi, wimbo wa upendo na dunia moja, na mikono yote myeupe ikainuka kwa pamoja. Nakiri ilipendeza. Iliinuka, ikashuka, ikafunguka, na watu wakaanza kutoa leso. Lakini Kitinda alikuwa ananitazama mimi.

"Wanamwambia nani?" akauliza.

Ndipo nikaona. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama Kitinda. Wote walikuwa wamekodoa macho chini, mbele ya jukwaa, kwa Spika, aliyekuwa anawaongoza neno kwa neno, nao wanamfuata kama watoto wa chekechea.

Walishinda kombe, bila shaka. Jaji mmoja alilia.

Baada ya kombe kulikuwa na chai na biskuti nyuma ya ukumbi. Kitinda hakunisubiri. Alikuwa amengoja siku hii muhula mzima: kusimama katikati ya wanafunzi wa shule yetu na kuongea nao bila mimi. Alimwendea msichana wa kidato cha pili, bado ana glavu zake, akamuuliza kwa mikono, "Unakaa wapi?"

Msichana akatabasamu. Akamfanyia mstari wa kwanza wa wimbo.

Kitinda akarudia, polepole, jinsi unavyomuuliza mtoto mdogo. Msichana akamfanyia mstari wa pili. Mwenzake akasogea, naye akafanya kiitikio, akamaliza kwa kuinama. Kitinda akamwendea mwingine, na mwingine. Kila aliyemuuliza swali alimjibu kwa kipande cha wimbo, kwa tabasamu na adabu zote, wengine na biskuti mdomoni.

"Anataka turudie?" msichana akaniuliza.

"Amekuuliza unakaa wapi."

"Ooh!" Akacheka kwa aibu. "Hatujafika huko, dada. Sisi tuliingia ulipokuwa umeshaacha kuja, tumefanya wimbo tu."

Nikageuka kumtafuta Spika, naye alikuwa anakuja na kombe kifuani, kando yake Mkuu na mwalimu mlezi, wote wamechangamka.

"Haya," Mkuu akasema, akamshika Kitinda bega. "Nionyesheni hao watakaokaa na huyu binti darasani. Nataka niwaandike leo."

Spika alinitazama haraka, kisha akamtazama Mkuu, na mdomo wake ule ambao haujawahi kukosa neno haukukosa.

"Mkuu, mwakani klabu inabadilisha mradi. Kamati imeshakaa. Majaji hawatoi kombe mara mbili kwa kazi ileile, kwa hiyo warithi wetu wataingia kwenye kupanda miti."

Mimi nilikuwa mwanakamati. Sikuitwa kwenye kikao chochote.

"Na huyu?" Mkuu akauliza.

"Huyu ametupa moyo sana," Spika akasema. "Amekuwa mfano kwetu."

Mikono yangu ilikuwa imesimama hewani. Kitinda akanivuta mkono wa shati. "Anasema nini? Wanasemaje?"

Na hapo Spika alifanya kile ambacho mpaka leo kinanikosesha usingizi. Mkono mmoja umeshika kombe, ule mwingine akaushusha karibu na nyonga, ambapo Mkuu na mlezi wasingeona chochote cha maana, akaniambia kwa lugha yetu: usimwambie. Kisha kiganja kikasukuma hewa mbele, mara mbili.

Baadaye.

Katika ukumbi mzima tulikuwa watatu tu tunaoijua lugha ile. Huyo wa tatu alikuwa amesimama katikati yetu, anatutazama mikono.

Kitinda aliona. Sikuhitaji kumwangalia kujua kwamba ameona, nilimsikia akivuta pumzi. Basi nikamtafsiria yote. Kombe mara mbili, kamati, miti, mfano. Sikuacha hata neno, na kila nililolisema kwa mikono nililisema na kwa mdomo, kwa sauti, ili ukumbi usikie ninavyomfikishia. Watu wakaacha kutafuna.

Kitinda akanijibu, nikamsemea. "Anauliza, hakuna hata mmoja?"

Mkuu akawageukia wenye glavu. "Nani anaweza kumjibu?"

Waliinamisha vichwa. Aliyeweza kumjibu alikuwa mmoja, naye alikuwa anafuta alama za vidole kwenye kombe kwa ncha ya shati lake.

"Siwezi kumweka mtoto darasani akae kama kiti," Mkuu akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Niliomba wanne watano tu. Mwambie pole, mwanangu. Kwa hali hii haiwezekani."

Nikamwambia.

Nilimkamata Spika nje, kwenye mabomba ya maji. Sikumpiga, ingawa jina langu lilinitaka nimpige.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Nisikilize basi, shoga! Walikuwa wanakimbia. Kujifunza lugha ni kazi, watoto wanachoka. Ulipoondoka walibaki watano, hata mlezi akaanza kusema klabu ifungwe. Nilipoleta wimbo wakajaa mpaka mlangoni. Nilisema tushinde kwanza, tupate jina, halafu..."

"Walibaki wangapi?"

Akarudia, kwa sauti ndogo.

"Si ndio hao, Spika? Si ndio hao Mkuu aliotuomba?"

Aliniangalia, na naapa ndiyo mara ya kwanza lilimwingia. Alikuwa nao mkononi, wameshaanza kubishana, wameshaingia, na akawaacha wasahau waliyojua, wapotee ndani ya umati wa glavu kwa sababu chumba chenye watano hakikumtosha. Angalau angeniuza kwa kitu kikubwa. Ameniuza kwa makofi.

Njiani Kitinda alitia mikono mfukoni mpaka tukafika. Ninyi mnaosikia hamjui jinsi nyumba inavyokuwa kimya mtu kama yeye akitia mikono mfukoni. Mama alituona tu akaweka pasi chini. Ndipo Kitinda akaitoa mikono, akasimulia kila kitu: wimbo, biskuti, miti. Alipofika kwa Spika hakuzungusha kidole shavuni. Aliweka kiganja penye lile shavu, kisha akakisukuma mbele, hewani, mara mbili.

"Nani huyo?" Mama akauliza.

Kitinda akazungusha kidole shavuni, mara moja, akapafuta kwa kiganja kama anayefuta ubao. Akarudia lile jipya. Mama alinitazama, nikaitikia kwa kichwa. Ishara ile imepigwa marufuku kwetu, lakini Mama aliiacha ipite.

Kulikuwa na mteja anayetaka sare ya mtoto wa umri wa Kitinda, na kitambaa kilikuwa kimekwisha. Jumamosi Kitinda aliishusha mwenyewe ile ya nyuma ya mlango. Mama alimwambia si lazima. Akasema ni lazima, kwa kuwa kuanzia sasa kazi yake ni hapa. Akakaa dirishani na kiwembe, akaanza kufumua kola ili ibadilishwe, nami nikawa nahangaika na kishikizo ambacho hakikuwa na shida yoyote. Sikutaka anione uso.

Taa ikacheza. Mfupi, mfupi, mrefu.

Kitinda aliinua macho kwenye balbu. Hakukimbia. Akanigeukia, kiganja shavuni, akakisukuma hewani, kisha akanyoosha kidole mlangoni: yupo nje.

Mlango ulikuwa wazi, na Spika alikuwa ameshafika kizingitini. Alikuwa na macho mekundu, na amebeba mfuko wenye zile glavu zote, zimefuliwa na kukunjwa. Sijui alidhani tutazifanyia nini. Aliiona ile ishara. Lugha anaijua, hiyo siwezi kumnyima. Hakuhitaji mtu wa kumweleza kwamba lile ni jina, wala kwamba ni la nani. Mfuko ukamshuka mpaka magotini. Kidole chake kikapanda chenyewe shavuni, penye kishimo, akakizungusha, huku anamtazama Kitinda, kama mtu anayekumbushia kitu alichokiacha kwa watu.

Kitinda alitikisa kichwa. Akamrudia lile jipya, polepole, jinsi unavyomfundisha mgeni, kisha akainama akaendelea kufumua kola.